Kibao Safi, Karatasi Yenye Walakini: Duka la Vibao vya Majina Mji Mkongwe

Duka ninalotaka kulieleza lipo Mji Mkongwe, upande wa Kiponda, katika uchochoro ambao gari haingii na vespa hupita kwa kupiga honi tangu mbali, na biashara yake ni moja tu, nayo ni kuchonga majina ya watu kwenye vibao vya mbao. Mteja huleta jina, huchagua mbao na hati, hulipa nusu ya bei, na baada ya siku nne hukabidhiwa kibao chake pamoja na karatasi ngumu yenye nakshi pembeni, inayoeleza asili na maana ya jina hilo. Jina la duka sitalitaja. Ninayo malalamiko, na malalamiko yenyewe hayamhusu fundi, ambaye ndiye nguzo ya duka lile, wala nisingependa riziki yake itiwe doa kwa maneno yaliyoandikwa na mtu mwingine.

Kilichonipeleka pale ni mjukuu wa rafiki yangu wa siku nyingi, Kalasinga wa Dar es Salaam ambaye tulisoma chuo kimoja. Mtoto alizaliwa mwezi uliopita akaitwa Sikandar Singh. Nguo nilijua atapewa nyingi na zote zitambana kabla mwaka haujaisha, basi nikaona bora nimpelekee kitu cha kutundika ukutani. Nilichagua kibao cha msaji, urefu wa sentimita 40 hivi, kiandikwe jina lile kwa hati ya Kigurmukhi, ambayo Makalasinga huandikia Kipunjabi, juu na kwa herufi zetu za kawaida chini yake, kwa bei ya shilingi 90,000. Kuna vibao vidogo vya shilingi 55,000, lakini kwa jina refu herufi zake hubanana mno na sivipendekezi.

Nianze na kazi ya mkono, maana hapo sina ila sifa. Fundi huketi nyuma ya duka juu ya jamvi, ubavuni mwa dirisha, na hachongi taa ikiwa imewashwa. Anasema taa ya umeme huficha kivuli, na kivuli ndicho kinachomwonyesha kina cha mchongo. Kwanza aliweka karatasi yenye maandishi juu ya mbao akaipitisha penseli, kisha akachukua patasi nyembamba kuliko kidole cha mtoto na kuanza kuchimba, akipuliza vumbi kila baada ya mapigo matatu manne. Kigurmukhi ni hati ambayo herufi zake zinaning'inia kwenye mstari wa juu kama nguo zilizoanikwa kambani, na fundi aliuchimba mstari ule mwanzo mpaka mwisho bila kuinua mkono, tena bila rula. Lililomshangaza ni kwamba ile i ya "si" huandikwa kabla ya s ilhali hutamkwa baada yake. Yeye amesoma chuoni tangu utoto na hati aliyoizoea inatoka kulia kwenda kushoto, akacheka akasema watu hawa wanaandika irabu kabla hawajaamua konsonanti.

Kosa moja lilitokea, nalo lilirekebishwa kwa namna iliyozidi kunipendeza. Katika hati ile kuna upinde mdogo unaowekwa juu ya herufi ili kuonyesha sauti ya puani. Sikandar inao, na Singh inao. Fundi aliuweka wa kwanza akausahau wa pili. Bahati nzuri nilikuwa nimempigia picha kibao kabla hakijapakwa vanishi nikampelekea rafiki yangu kwa simu, naye akajibu papo hapo: "Ndugu yangu, mjukuu wangu mmemkata pua!" Kwa kuwa fundi huchimba herufi kwenda ndani na hazichongi kwa kuinuka, kuongeza upinde kulikuwa ni kazi ya dakika tano. Angechonga kwa mtindo wa kuinuka, mbao ile ingekuwa kuni. Anayeagiza kwa hati ambayo fundi haisomi, iwe Kigurmukhi, Kiyunani au Kichina, asikubali vanishi ipakwe kabla mwenyeji wa hati hiyo hajaiona picha.

Tabu ilianza nilipopewa karatasi. Ilisema mambo matatu kwa maneno ya kujiamini kabisa: kwamba Sikandar maana yake ni "simba mshindi", kwamba Singh ni kifupi cha jina hilohilo la Sikandar, na kwamba Makalasinga ni kizazi cha askari wa Iskandari Mkuu, mfalme wa Makedonia ambaye kwa Kiajemi huitwa Sikandar, waliobaki Punjab, ndiyo maana dini yao ikaitwa Sikh, yaani wafuasi wa Sikandar. Nilimuuliza kijana wa kaunta maelezo haya ameyapata wapi. "Maalim, hayo yamefanyiwa utafiti," akanijibu kwa adabu. Nikamuuliza na nani. "Yamo kwenye mtandao, Maalim." Aliponiona bado nasitasita akaniongezea hoja, kwamba kuna watu milimani Pakistan waitwao Kalash ambao wanasemwa kuwa ni wajukuu wa askari wa Iskandari, na Kalasinga si ni Kalash na Singh? Nilikosa la kumjibu pale pale, kwa kuwa ilikuwa ni hoja ya uwongo iliyopangwa vizuri kuliko kweli nyingi.

Mjini kwetu tumezoea biashara ya hadithi. Watembeza wageni wanasimama mbele ya milango yetu mikubwa na kueleza kwamba zile njumu za shaba ziliwekwa kuzuia tembo wa vita wasivunje mlango, na mgeni anapiga picha, na hakuna anayeuliza tembo gani aliyewahi kushambulia nyumba Unguja. Hadithi ile imekuja na mtindo wa mlango wenyewe kutoka Bara Hindi na haimdhuru mtu. Karatasi ya jina ni jambo jingine. Inawekwa kwenye fremu, inatundikwa juu ya kitanda cha mtoto, na mtoto anakua akiisoma kama kitambulisho chake. Kwa sababu hiyo niliona si haki kuisifu mbao nikainyamazia karatasi, nikakaa siku kadhaa kuyapima maneno yake moja moja.

Nakiri kwamba makosa yale yana mvuto wake, na mvuto wenyewe unaonekana juu ya kibao changu. Ukiyaandika kwa Kigurmukhi maneno Sikandar, Singh na Sikh, yote matatu yanaanza kwa umbo lilelile, s yenye i iliyotangulia. Anayetazama kwa jicho bila kusoma ataapa kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Lakini macho yakiteremka herufi moja mbele, undugu unakwisha. K ya Sikandar ni k kavu. Ile kh ya Sikh ni k yenye pumzi, wala si kh ya khamsini kama tunavyopenda kuitamka, na katika Kigurmukhi k kavu na k yenye pumzi ni herufi mbili mbalimbali ambazo Mpunjabi hazichanganyi, kama sisi tusivyochanganya d na dh. Neno Sikh linatokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya mwanafunzi au mfuasi wa mwalimu, na kwa Kipunjabi cha leo kitenzi cha kujifunza huhusishwa nalo. Mwalimu anayefuatwa ni Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469, pamoja na magwiji tisa waliomfuatia. Si mfalme aliyepita na jeshi.

Iskandari mwenyewe ni mtu wa historia, na Punjab alifika kweli. Alizaliwa Pella huko Makedonia mwaka 356 K.K., na mwaka 326 K.K. akavuka mto ambao Wayunani waliuita Hydaspes, nao ni Jhelum wa leo nchini Pakistan, akapigana na mfalme Porus aliyekuwa na tembo wa vita. (Huenda ndiko tembo wa milango yetu walikoanzia safari.) Alishinda, akamrudishia Porus ufalme wake, na farasi wake kipenzi Bucephalus alipokufa akamjengea mji kwa jina lake. Kisha akasonga mashariki mpaka mto Beas, na hapo askari wake walichoka, wakagoma, naye akalazimika kugeuza. Miaka mitatu baadaye alifia Babeli akiwa na umri wa miaka 32. Kutoka vita vile vya Jhelum mpaka kuzaliwa kwa Guru Nanak ni karibu miaka 1,800, na mwandishi wa karatasi ameiruka miaka hiyo yote kama mtu anavyoruka dimbwi.

Jina lake ndilo lililosafiri kuliko yeye. Kwa Kiyunani alikuwa Alexandros, na jina hilo limeunganishwa kwa maneno mawili, la kukinga na la mwanamume, hata maana yake ikakaribia "mlinzi wa watu", simba hayumo. Waarabu walipolipokea, silabi ya mwanzo iliwasikika kama al yao ya kutangulizia majina, wakaitenga na mwili wa neno, na zile sauti za ks zikapinduka kuwa sk, ndipo likatoka al-Iskandar, na mji wake wa Misri ukawa Iskandaria. Tusiwacheke, kwa sababu sisi tulilichukua neno lao kitabu, tukaidhania ki ya mwanzo kuwa ni ki yetu ya kiti na kisu, tukasema vitabu, na leo hakuna wa kuturudisha nyuma. Waajemi nao wakalitamka Iskandar na Sikandar, washairi wao akina Firdausi na Nizami wakamtungia beti nyingi, na Firdausi akathubutu hata kumfanya mwana wa mfalme wa Kiajemi ili ushindi wake usiwe aibu ya nyumbani.

Kwa njia hiyo ya Kiajemi ndipo jina likaingia India, pamoja na watawala waliokitumia Kiajemi kuwa lugha ya baraza na diwani. Halikuachwa ufukweni mwa Jhelum na askari wa Makedonia likingoja kuokotwa. Mfano ulio wazi ni Sultani wa Delhi, Sikandar Lodi, aliyetawala kuanzia 1489 mpaka 1517; jina alilozaliwa nalo lilikuwa Nizam Khan, na Sikandar alijivika alipokalia kiti. Guru Nanak alikuwa kijana wakati huo. Kwa hiyo Makalasinga wa mwanzo walilisikia jina la Sikandar likitajwa kwa mtawala wa zama zao. Kwa Kihindi jina lile limegeuka kuwa kama neno la kawaida lenye maana ya mshindi, hata wana msemo kwamba aliyeshinda ndiye Sikandar. Basi neno "mshindi" katika karatasi nalisamehe, si kwa asili yake bali kwa matumizi yake. "Simba" silisamehi.

Maana simba ni wa Singh, na Singh ni neno la Kisanskriti, simha, ambalo halikumhitaji Mmakedonia yeyote kulileta. Wapiganaji wa Rajput walilitumia katika majina yao kwa karne nyingi kabla ya Makalasinga, na ndilo hilohilo lililomo katika jina la Singapore, mji wa simba. Hapa msomaji wa Kiswahili atainua nyusi: simha na simba! Nami niliinua zangu. Lakini simba wetu ni wa Kibantu, na jamaa zake wako mbali na pwani yoyote iliyofikiwa na jahazi la Kihindi. Washona wa Zimbabwe wanamwita shumba. Ni kufanana tu kwa sauti. Ukishaanza kuunga ukoo kwa kufanana kwa sauti hutapata pa kusimama, na mtu wa Unguja anaweza kuthibitisha usiku huu huu kwamba Singh imetokana na singo tunayomsingia bi harusi, au kwamba Kalasinga ameitwa hivyo kwa nywele zake za singa. Neno Kalasinga lenyewe husimuliwa kwamba lilitokana na mfanyabiashara aliyeitwa Kala Singh, wa zama zile reli ilipokuwa ikijengwa kutoka Mombasa kwenda Uganda, kati ya 1896 na 1901, na Waswahili wakawapa wenzake wote jina la mtu mmoja. Wakalash wa milimani hawamo, na wala si watu wa dini hiyo.

Lililonikera hasa katika karatasi ile silo kosa la sarufi. Mwaka 1699, huko Anandpur, Guru Gobind, wa kumi katika magwiji, aliwaita watu wake akauliza nani yuko tayari kutoa kichwa chake, na watu watano wakasimama mmoja baada ya mwingine. Walitoka matabaka mbalimbali, akiwemo kinyozi na mchota maji, watu ambao kwa desturi ya nchi ile wasingekula sahani moja. Akawanywesha kutoka bakuli moja, akawapa wote jina moja la Singh, na yeye mwenyewe akainama akanyweshwa nao, akaacha kuitwa Gobind Rai akawa Gobind Singh. Wanawake wakapewa Kaur, ambalo huelezwa kuwa ni binti wa mfalme. Katika India ya wakati ule jina la mwisho la mtu lilikuambia kazi ya babu yake na mahali pa kumkalisha. Singh na Kaur ziliwekwa ili usiweze kujua. Anayekuja leo na karatasi yenye nakshi kumwambia Kalasinga kwamba Singh ni alama ya nasaba ya mfalme mteka nchi, amemrudishia nasaba ileile ambayo jina lilikusudiwa kuifuta, tena ya kubandika.

Rafiki yangu, nilipomsomea karatasi kwa simu, alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanieleza jinsi mjukuu wake alivyolipata jina, na maelezo yake yalikuwa mafupi kuliko ya duka. Mtoto alipelekwa gurdwara, yaani nyumba yao ya ibada, ikasomwa dua, na kitabu chao kitukufu, Guru Granth Sahib, chenye kurasa 1,430, kikafunguliwa bila kuchagua mahali. Shairi linaloanzia juu ya ukurasa wa kushoto likasomwa, na herufi yake ya kwanza ndiyo iliyokuwa herufi ya jina la mtoto. Siku ile ilitoka s. Bibi mtu alimtaka Simran, shangazi alimtaka Satnam, na baba mtoto, ambaye ni mtu wa mpira, akamtaka Sikandar na akang'ang'ania. "Ingetoka h angekuwa Harpreet," rafiki yangu akasema, "na hao jamaa zako wangenitafutia mfalme mwingine."

Hapo ndipo jina la Sikandar linapokutana na mila ya Makalasinga, kwenye mlango mdogo wa herufi moja. Familia ikishapata herufi iko huru, na wengi huchagua majina yaliyoungwa kwa maneno ya dini, Gur ya gwiji au Har ya Mungu mwanzoni, na preet ya mapenzi, deep ya taa au jit ya ushindi mwishoni. Lakini hawajawahi kuyafungia nje majina ya Kiajemi na Kiarabu. Wana wawili wa Guru Gobind Singh waliitwa Zorawar na Fateh, na mmoja wa wale watano wa 1699 alikuwa Himmat. Mswahili hahitaji kamusi kujua kwamba Sahib ni sahibu wetu na Iqbal ni ikibali. Wapo Makalasinga waitwao Sher Singh, ambapo sher ni simba kwa Kiajemi na Singh ni simba kwa Kisanskriti, na mtu akawa simba mara mbili bila kuona ajabu. Ranjit Singh, aliyetawala Punjab kutoka Lahore mpaka alipofariki mwaka 1839, aliendesha diwani yake kwa Kiajemi. Katika safu ya namna hiyo Sikandar hakai kama mgeni. Pengine hata sauti yake imemsaidia, kwa kuwa masikio yaliyozoea Surinder na Maninder yanampokea kwa urahisi, ingawa mwisho wa majina hayo unatokana na Indra, mungu wa kale wa Kihindi, na hauhusiani naye hata kidogo.

Kama duka linataka lazima Myunani katika karatasi yake, yupo, na ni wa kweli. Baada ya Iskandari, wafalme wa Kiyunani walitawala sehemu za Punjab kwa vizazi kadhaa, na mmoja wao, Menander, wa karne ya pili K.K., anakumbukwa na Wabudha kwa jina la Milinda. Wahindi waliwaita watu hao Yona au Yavana, kutokana na Ionia, nchi ya Wayunani wa pwani ya Asia. Kutokana na Ionia hiyohiyo Waajemi na Waarabu walipata Yunani, nasi tukapata Uyunani na Kiyunani. Mtu wa Unguja anaposema Yunani anatamka neno ambalo ni jamaa wa lile lililotamkwa Punjab miaka zaidi ya 2,000 iliyopita. Habari kama hii ingeipamba karatasi vizuri zaidi kuliko ile ya kubuni.

Karatasi inamtaja pia Dhulkarnaini, yaani mwenye pembe mbili, wa Suratul Kahf kuwa ndiye Iskandari, na inafanya hivyo kwa mstari mmoja bila kusita. Wafasiri wengi wa zamani walisema hivyo na wengine wakakataa, na sarafu zilizopigwa na Lysimachus, jemadari wake, zinamwonyesha Iskandari akiwa na pembe. Mambo ya wanavyuoni yaachiwe wanavyuoni. Duka la vibao lingeandika "wako waliosema" likasalimika.

Kuna upungufu mwingine wa huduma, mdogo lakini unatokana na shina hilohilo. Fomu ya kuagizia huanza kwa kuuliza kama mtoto ni wa kiume au wa kike, na kijana wa kaunta hutafuta maana katika orodha mbili mbalimbali. Kwa majina ya Makalasinga orodha hizo hazina kazi, kwa sababu Gurpreet au Manjit anaweza kuwa mvulana au msichana, na kinachotofautisha ni Singh au Kaur inayofuata. Mbele yangu mama mmoja aliambiwa jina la binti yake "halimo kwa wanawake", na akaondoka bila karatasi. Nadhani alipata faida.

Nilirudi dukani na maelezo yangu yakiwa yameandikwa kwa sentensi tano. Mwenye duka hakukasirika. Alisoma, akauliza kama nina hakika na ile habari ya kinyozi na mchota maji, akasema wateja wake wanapenda wafalme. Nikamwambia kuna binti wa mfalme katika Kaur, amtumie huyo. Alikubali kunichapia karatasi mpya bila malipo, na akaitoa siku ileile baada ya Alasiri, ikiwa na kosa moja tu la chapa ambalo nililiacha kwa kuwa boti ilikuwa karibu kuondoka. Ile ya zamani bado ipo kwenye kabati la kioo mlangoni, kwa Kiingereza na Kiitaliano.

Kwa hiyo kibao kinunuliwe, na kwa bei ile ni halali ya pesa: mbao imekaushwa vyema, haikupinda hata baada ya wiki mbili za joto la Dar es Salaam, na rafiki yangu anasema wageni wake wanapitisha vidole juu ya herufi kabla hawajauliza mtoto yuko wapi. Karatasi iombwe ikiwa tupu, mwenye jina aandike mwenyewe. Fundi hupokea kazi asubuhi mpaka adhuhuri, Ijumaa haonekani kabisa, na mwezi wa Ramadhani siku nne huwa saba. Anayesafirisha kibao kwa boti amwambie akifunge kwa ukili na magunia, kwani boksi wanalotoa dukani ni jepesi na la kwangu lilifika likiwa limepasuka kona mbili.